Tofaa la Barabara ya Pugu

Jioni, daladala zinaposhusha abiria Banana, Ukonga, mezani kwa wachuuzi matofaa huwa yamekwishapanguswa, yanang'aa. Wateja wengi huyaita epo. "Tofaa" ni neno la Kiarabu, na pwani lilikwisha kupewa tunda jingine: lile jekundu la umbo la kengele, lenye nyama nyeupe laini, lililotoka Asia ya Kusini Mashariki. Hata watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hawakulitumia katika Mithali 25:11. Penye matofaa kwa lugha nyingi za Ulaya, wao waliweka machungwa.

Ukonga si mahali pa kulima epo. Mti wake hutaka majira ya baridi ndipo uchanue vizuri, kwa hiyo nchini hulimwa nyanda za juu kama Lushoto na Njombe. Mengi yanayouzwa Dar es Salaam hutoka Afrika Kusini, na hapo ndipo tunda hili linapokutana na historia ya barabara inayopita Banana.

Barabara ya Nyerere, zamani Barabara ya Pugu, ndiyo njia ya mwalimu aliyefundisha Pugu. Julius Nyerere alikuwa akishuka mjini kwa shughuli za siasa, wakati mwingine kwa miguu, na mwaka 1955 akaacha ualimu ili akiongoze chama cha TANU. Tarehe 26 Juni 1959 alikuwa London, miongoni mwa wasemaji wa mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Wanunuzi wa Uingereza waliombwa waache matunda ya nchi hiyo dukani, kwa kuwa fedha yake iliushibisha ubaguzi wa rangi. Baada ya uhuru, Tanganyika nayo ilikata biashara na utawala huo. Mlango ulifunguka ubaguzi ulipoanguka mwaka 1994.

Aprili 2025 mlango ulifungwa tena. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi, kwa sababu nchi hizo zilikuwa zimezuia mazao ya Tanzania, ndizi zikiwemo. Mazungumzo yakafuata, na zuio likaondolewa baada ya siku chache.

Nyumbani, joto la Dar es Salaam hulilainisha epo upesi. Lihifadhiwe kwenye friji bila kuoshwa, likiwa ndani ya mfuko wake na mbali na mchicha, maana hutoa gesi ya ethilini inayonyausha mboga na kuivisha matunda. Gesi hiyo ina faida pia: parachichi gumu likivundikwa na epo moja kwenye mfuko wa karatasi, huiva mapema. Lililoanza kusinyaa lisitupwe. Likatwe vipande, lipikwe kwa mdalasini na sukari kidogo, liliwe na chapati.

Msomaji, ukisimama mezani pale Banana, muulize mchuuzi epo lake limetoka wapi. Akikuambia Njombe au Lushoto, nunua la huko kwanza.