Dirisha la Kulia, Dirisha la Kushoto

Ukitaka kuwagombanisha Mkenya na Mtanzania bila kutaja mpira wala Kiswahili cha nani ndicho sanifu, waulize reli ipi ina mandhari nzuri zaidi. Mkenya atakutajia njia ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu: nyika ya Tsavo, mbuga za Athi, halafu ukishapita Limuru ardhi inakatika ghafla na Bonde la Ufa linafunguka chini yako. Mtanzania atasema TAZARA, na kama amewahi kuipanda atakuonya usije ukasinzia kati ya Mlimba na Makambako.

Hoja ya Mkenya ina umri mkubwa. Ujenzi wa reli yake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901, ukitumia vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Kama 2,500 kati yao walifia kazini. Ilipokwisha, Waingereza wakaanza kuisifia kwa uzuri wake. Winston Churchill aliipanda mwaka 1907 akiwa ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini, ili pasiwepo kitu cha kumkinga na mandhari. Theodore Roosevelt naye akaketi mbele vivyo hivyo mwaka 1909, na katika kitabu chake aliiita reli inayopita katika enzi za kale za Pleistosini. Yaani wanyama tele, historia hakuna.

Historia ilikuwapo, ila ilikuwa imehamishwa. Miaka mitano tu kabla ya Roosevelt kupita, mkataba wa 1904 uliwataka Wamaasai waliokuwa wakichunga Naivasha na Nakuru waende kwenye maeneo waliyotengewa, mbali na reli na mbali na ardhi ambayo walowezi wangeitaka. Wengi walisukumwa Laikipia, wakaahidiwa kwamba makubaliano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa hukohuko Laikipia. Mbele zaidi, karibu na ziwa, Wanandi walipigana na reli na walioileta kwa miaka hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905, katika mkutano alioitiwa kwa jina la amani. Nao pia waliondolewa kando ya njia.

Kwa hiyo ule uwazi unaomfanya abiria ashushe pumzi baada ya Limuru ni kazi ya mikono ya watu. Bonde lilichimbwa na Mungu, sawa. Utupu wake uliandikwa ofisini.

TAZARA haikujengwa kwa ajili ya mandhari hata kidogo. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, shaba ya Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Mataifa ya Magharibi yalisema mradi haulipi. China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970. Kilomita 502 za kwanza, hadi Mlimba, zilikwisha Novemba 1971. Kisha ukaja ukuta: kutoka bonde la Kilombero lenye joto na matope hadi Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko yaliko mahandaki mengi ya njia nzima. Treni inaingia gizani, inatoka juu ya daraja, korongo liko kushoto. Inaingia tena, inatoka, korongo limehamia kulia. Usihangaike kuchagua upande wa kukaa. Baadhi ya Wachina zaidi ya 60 waliofariki wakati wa ujenzi wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Hapa pia watu walihamishwa, tofauti ni uelekeo. Wakati wa vijiji vya ujamaa, serikali iliwasogeza wananchi kando ya reli, wailime ardhi na wailinde njia. Haikuwa hiari kwa kila mtu, na asikudanganye mtu kwamba ilikuwa. Lakini waliosogezwa wakaigeuza reli ya shaba kuwa ya mchele na ndizi. Treni fupi ya kusimama kila kituo wakaiita kipisi, na uchumi mzima ukaning'inia kwenye mlango wa behewa.

Mimi kura yangu ni TAZARA, pamoja na kuchelewa kwake kunakotia aibu. Uzuri wa Kilombero una mtu ndani yake: mwanamke na sinia kichwani, akikimbia sambamba na dirisha, akikudai chenji kabla treni haijaondoka.

Tangu 2017 Mombasa na Nairobi zina reli mpya, ya kasi, iliyoinuliwa juu ya tuta. Tembo wa Tsavo wanapita chini ya madaraja yake na abiria wanawapiga picha. Madirisha hayafunguki.