Kutoka Juti hadi Cherehani: Bangladesh Katika Soko la Dunia

Mwaka 1974, miaka mitatu tu baada ya Bangladesh kujitenga na Pakistani, mto Brahmaputra ulifurika, mpunga ukaharibika na njaa ikaingia. Serikali ya Sheikh Mujibur Rahman ilikuwa ikitegemea nafaka za msaada kutoka Marekani, na msaada huo ukazuiwa. Sababu ni kwamba Bangladesh ilikuwa imeiuzia Cuba magunia ya juti, na sheria ya Marekani ilikataza kuipa chakula nchi yenye biashara na Cuba. Dhaka ikasitisha mauzo hayo, lakini nafaka zilifika kwa kuchelewa, watu wengi wakiwa wamekwisha kufa. Nchi iliyoishi kwa zao moja la kuuza nje ilijikuta haina hata hiari ya kumchagua mnunuzi wake.

Zao lenyewe nalo lilikuwa linaporomoka. Wasomaji wa Tanga wanaijua hadithi hii kwa jina la mkonge: plastiki na nailoni zilipokuja, nyuzi za mimea zikakosa soko. Viwanda vya juti vilikuwa vimetaifishwa mwaka 1972 na vikazidi kula hasara, hadi kile kikubwa cha Adamjee, huko Narayanganj, kikafungwa mwaka 2002.

Njia mpya ilitokea mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1978 Noorul Quader, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali, aliingia makubaliano ya ushirikiano na kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini. Wakorea walikuwa na shida yao: mkataba wa kimataifa wa mwaka 1974 ulizipa nchi tajiri haki ya kuweka kikomo kwa nguo zinazotoka Asia, na Korea ilikuwa imekwisha kubanwa. Bangladesh, ambayo haikuwa ikiuza nguo za kutajika, haikuwekewa kikomo chochote. Mwaka 1979 vijana 130, wakiwamo wanawake, walipelekwa Pusan kujifunza kukata, kushona na kusimamia kiwanda. Waliporudi, kiwanda cha Quader, kilichoitwa Desh, kikaanza kazi Chittagong. Katika miaka michache wengi wao waliondoka, wakaanzisha viwanda vyao au kuajiriwa kwingine, na ujuzi ukasambaa nchini.

Hata hivyo, ujuzi peke yake usingetosha. Nchi haikuwa na vitambaa vya kufaa, ushuru wa kuviingiza ulikuwa mkubwa, na dola zilikuwa adimu. Hapa ndipo kanuni mbili zilipofanya kazi ambayo hotuba nyingi za uchumi hazikuifanya. Ya kwanza ni ghala la forodha: kitambaa kiliingia bila ushuru, kikafungiwa na kuandikwa, na kila kilichoingia kilipaswa kutoka kikiwa nguo iliyoshonwa kwa ajili ya kuuzwa nje. Ya pili ilikuwa ya benki. Mnunuzi wa New York akishafungua barua ya dhamana ya malipo, benki ya Dhaka iliishika barua hiyo kama rehani na kumfungulia barua nyingine muuza kitambaa, ambaye alisubiri fedha hadi nguo zilipwe. Mwenye mtaji mdogo akaweza kuanzisha kiwanda.

Wapo wanaosema Bangladesh ilifanikiwa kwa sababu ilifungua milango yote. Sikubaliani nao. Katika miaka ya 1980 ushuru wa bidhaa nyingine ulibaki juu. Mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja, na ulilindwa na karani mwenye daftari. Kikomo cha Marekani kilipokuja mwaka 1985, sekta ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Mfumo wa vikomo ulipokoma mwaka 2005, wengi waliitabiria kifo, lakini Bangladesh ikapanda hadi kuwa nchi ya pili kwa kuuza nguo duniani, nyuma ya China. Mamilioni ya wanawake wa vijijini walipata mshahara wao wa kwanza.

Lakini daftari lile lilihesabu mita za kitambaa tu. Aprili 23, 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, Savar, ambalo lilikuwa limeongezewa ghorofa bila kibali. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini siku iliyofuata, na asubuhi hiyo jengo likaanguka. Waliokufa walizidi 1,100. Kima cha chini cha mshahara wao kilikuwa taka (sarafu ya Bangladesh) 3,000 kwa mwezi.

Makubaliano yaliyosainiwa mwaka huo kati ya vyama vya wafanyakazi na kampuni za nguo, yenye nguvu ya kisheria, yaliwaingiza wahandisi viwandani. Milango ya dharura ikawekwa na nguzo zikaimarishwa. Mshahara ulikwenda taratibu zaidi. Mwishoni mwa 2023 wafanyakazi waliingia barabarani wakidai takriban taka 23,000 kwa mwezi, na baadhi yao wakauawa. Serikali ikapanga 12,500.