Taswira za ngozi zafichua saratani inayojificha unyayoni

MELANOMA ni saratani inayoanzia katika seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Ikigunduliwa ingali juu juu, hukatwa na mgonjwa akapona. Ikikawia hadi ikapenya ndani, husambaa hadi kwenye mapafu, ini na ubongo, na hapo tiba huwa ngumu na ghali mno.

Wengi huamini kwamba maradhi haya ni ya Wazungu peke yao. Ni kweli kuwa Waafrika huugua melanoma kwa nadra, kwa kuwa melanini hukinga ngozi dhidi ya miale ya jua. Hata hivyo, inapowapata haifuati jua. Huchipuka mahali ambapo hata mwenye mwili haangalii: nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aliugua melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, mguu ni kiungo kinachopata majeraha kila siku. Mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay, mkulima wa Rongo na mchimbaji dhahabu wa Macalder wote huchomwa na miiba na kukatwa na mawe au jembe. Ndiposa doa jeusi kisiginoni huchukuliwa kuwa mwiba uliovunjikia ndani, nao ukucha uliobadilika rangi hudhaniwa una kuvu. Dawa ya kupaka hununuliwa na miezi ikapita.

Isitoshe, kuna ugonjwa mwingine unaoweza kumchanganya mhudumu wa afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliweka kiwango cha maambukizi ya HIV miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13 Migori. Kinga ya mwili inaposhuka, mgonjwa huweza kupata sarkoma ya Kaposi, ambayo pia huleta mabaka meusi au ya zambarau miguuni. Matibabu ya magonjwa haya mawili hayafanani hata kidogo.

Chombo cha msingi cha kutenganisha mabaka ni demoskopu. Hiki ni kifaa kidogo cha mkononi chenye lenzi inayokuza mara 10 hivi na taa ambayo mwanga wake huchujwa ili ngozi isimetemete. Mng'ao wa juu ukiondoka, daktari huona rangi iliyo chini ya tabaka la nje. Vipo vinavyopachikwa kwenye kamera ya simu, na picha ikatumwa kwa mtaalamu aliye mbali au kuhifadhiwa ilinganishwe na nyingine miezi kadhaa baadaye.

Uvumbuzi unaowafaa zaidi watu weusi ulitoka Japani, ambako melanoma ya unyayo ni ya kawaida kuliko aina nyingine. Toshiaki Saida na wenzake walichunguza mistari ya nyayo, ambayo imepangika kama shamba la viazi: matuta na mifereji. Baka lisilo na madhara aghalabu huwa na rangi mifereji­ni. Rangi ikifuata matuta, hiyo ni dalili kubwa ya melanoma. Kanuni hii hata tabibu asiye bingwa anaweza kufunzwa.

Kompyuta nazo zimeingia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza programu iliyofunzwa kwa takriban picha 130,000 ikatambua saratani kwa kiwango cha madaktari wa ngozi. Lakini mtambo hujua ulichofunzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba programu za aina hii hukosea zaidi zinapokutana na ngozi nyeusi, kwani picha nyingi za mafunzo zilikuwa za watu weupe. Kuamini jibu la simu peke yake, basi, ni hatari kwa mkazi wa Nyatike au Suba.

Aidha, picha haithibitishi saratani. Kipande cha ngozi lazima kikatwe na kupimwa katika maabara, ambako pia kina cha uvimbe hupimwa kwa milimita. Faida ya demoskopu ni kuamua nani asafiri kwenda Kisumu au Nairobi kwa uchunguzi huo na nani abaki nyumbani. Maafisa wa kliniki kutoka mataifa mbalimbali ya Afrika hufunzwa tiba ya ngozi katika kituo cha Moshi, Tanzania, kilichofunguliwa mwaka 1992.

Watu wenye ualbino wana hatari ya namna nyingine. Kwao jua ndilo adui, na saratani zinazowapata zaidi si melanoma bali zile za seli za tabaka la juu, hasa usoni, masikioni na shingoni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu 9,729 nchini Kenya.

Mstari mweusi ukuchani ni jambo la kawaida kwa Waafrika, hasa ukiwa kwenye vidole kadhaa. Wa kuonyeshwa daktari ni ule ulio kwenye kidole kimoja, unaopanuka, au ambao rangi yake imevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi. Vivyo hivyo kwa baka la unyayoni linalokua au kidonda kisichopona.