Madaftari Yaliyosalimika Chicago

Mtu atakaye nakala ya hukumu ya kale katika wilaya ya Cook, huko Chicago, Marekani, humwendea karani wa mahakama, akamtajia jina la mdai au la mdaiwa, na mwaka, na nambari ya shauri akiijua, kisha akalipa ada. Lakini akitafuta yaliyotangulia Oktoba 1871, aghalabu hurudi mikono mitupu, kwa kuwa moto mkuu wa mwezi huo uliteketeza jumba la mahakama pamoja na sijili zake, za daawa na za milki ya ardhi. Ajabu ni kwamba kilichonusuru haki za wenye mali hakikuwa hazina ya serikali, bali madaftari ya mashirika matatu ya watu binafsi, ambayo kazi yake ilikuwa kufupisha hati za ardhi kwa ujira, na ambayo watu wake waliwahi kuyatorosha madaftari hayo motoni. Mwaka 1872 bunge la jimbo la Illinois likatunga sheria iliyoruhusu mihtasari hiyo ipokewe mahakamani kuwa ushahidi. Na wafanyabiashara hao, nadhani bila ya kusikitika sana, wakajikuta wameshika funguo za milki ya mji mzima.