Mizigo ya Ziwa Michaelson

Ukifungua ramani ya Mlima Kenya utadhani umeshika orodha ya waalikwa wa karamu moja. Teleki, Höhnel, Hausburg, Hobley, Ellis, Michaelson. Mabonde yao, maziwa yao. Hapo katikati umesimama mlima ambao Wakikuyu waliuita Kirinyaga zamani sana kabla ya karamu hiyo.

Mimi ni mtu wa Ikungi, nchi ya alizeti na uwele, ambako kiangazi tunafukua mchanga wa korongo tukisubiri maji yachuruzike. Mtu wa namna hiyo akisikia kuna ziwa limekaa mlimani, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, ataacha kwenda? Nikapandia Chogoria, shanta mgongoni, nikalale usiku mmoja kando ya Ziwa Michaelson. Lipo chini kabisa ya Bonde la Gorges, na ukuta wa mwamba umelisimamia kama mlinzi. Kushuka huko na mzigo, jamani, magoti yanasema ukweli wote.

Jina la Gorges ndilo lililonishika. Kapteni Gorges alikuwa ofisa wa serikali huko Naivasha wakati wa msafara wa Halford Mackinder, mwanajiografia wa Oxford, mwaka 1899. Hesabu yake imeandikwa: Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96, na Wamaasai 2 wa kuonyesha njia. Nchi waliyoipita ilikuwa na njaa na maradhi. Walipofika kambini, tarehe 18 Agosti, chakula hakuna; watu wao wawili wakauawa na wenyeji, na mmoja wao akatumwa Naivasha kutafuta msaada kwa Gorges. Septemba 13 Mackinder akasimama kileleni na Waitaliano wawili, César Ollier na Joseph Brocherel. Kilele akakipa jina la Mbatian, laiboni wa Wamaasai. Angalau hapo alikumbuka mtu wa huku.

Wale 66 je? "Waswahili" katika vitabu vya zama zile ni kapu tu. Ukilimwaga wanatoka watu wa pwani, Wanyamwezi, na yeyote wa bara aliyeifanya safari kuwa kazi yake. Nadhani ndiyo maana habari hii inanigusa kuliko ile ya kileleni.

Maana mizigo ya namna hiyo imepita kwetu. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu 356, na Januari 1875 alikuwa Uturu. Wapagazi wake walibeba mashua, Lady Alice, vipande vipande, kuipeleka Ziwa Viktoria. Mashua begani, katika nchi ya kuchimba maji! Mzungu wake mmoja, Edward Pocock, akafia Chiwyu. Baada ya hapo yakaja mapigano ya Vinyata. Kifo cha Pocock kimepewa nafasi yake kitabuni, na jina lake linasomeka mpaka leo. Nimeisoma sura ile bila kukuta jina la Mnyaturu hata mmoja aliyeuawa.

Watu husema wetu hawakuandika. Si kweli kabisa. Tunayo maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Tunazo Safari za Wasuaheli alizozitoa Carl Velten mwaka 1901, Kiswahili kitamu kweli. Ila Tippu Tip ni tajiri, msafara ni wake. Anayesimulia habari ya mzigo ni mwenye mzigo.

Usiku ule baridi ilipenya hema, blanketi na mifupa. Nilikuwa na soksi jozi mbili. Mackinder alipandia magharibi, si upande huu, lakini baridi ya mlima ni ileile, na mpagazi wa 1899 alikuja nayo kutoka nchi ya joto. Alfajiri majani ya ukingoni yalikuwa meupe kwa barafu. Bila shaka na yeye aliyashika, akaiona barafu inayeyuka kiganjani, akamwita mwenzake aje aone. Alimwita kwa jina gani, ndilo ninalolitafuta.