Namba Nane

Katika miaka ya tisini, mkazi wa Chang'ombe aliyetaka intaneti nyumbani alihitaji kompyuta, modemu, laini ya simu ya TTCL na karatasi. Karatasi ilitoka kwa kampuni ya intaneti. Kwa kawaida ilikuwa na namba ya kupiga, jina la mteja, neno la siri na anwani mbili za seva za majina, kila moja ikiwa na namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Jumla namba nane. Ukizikosea, modemu ilipiga kelele zake, simu ikapokelewa, dakika zikaanza kuhesabiwa, na hakuna ukurasa uliofunguka.

Kompyuta hutafutana kwa namba. Tangu mwaka 1983, Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa majina ya intaneti, zipo seva ambazo kazi yake ni kulipokea jina na kurudisha namba. Kompyuta isiyojua seva ya kuiuliza ni kama mgeni aliyeshuka stendi ya Ubungo na jina la mwenyeji wake tu, bila mtaa.

Ofisini tabu iliongezeka. Kompyuta zilizounganishwa kwa waya zilikwisha kupangiwa njia ya kutokea. Modemu iliposhika laini, pakiti ziliendelea kuufuata waya ule, ambao haukutoka nje ya jengo. Fundi aliyejua Linux aliandika amri chache zilizojiendesha kila simu ilipounganika: futa njia ya zamani, weka mpya, badilisha anwani za seva za majina. Simu ikikatika, rudisha kama ilivyokuwa.

Kwa upande wa majina, dawa ilikuja kwa waraka mfupi. Itifaki ya PPP iliruhusu tayari ncha mbili za simu kukubaliana anwani. Desemba 1995, Steve Cobb wa Microsoft alieleza katika RFC 1877 namna mteja anavyoweza kutajiwa seva za majina simu inapopokelewa. Mwaka huohuo Tanzania ilikabidhiwa jina lake la .tz. Taratibu namba nane zikaondoka kwenye karatasi, na karani au mwanafunzi akaweza kuingia mtandaoni bila kumsubiri fundi. Hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini njia iliyojipanga yenyewe haikuwa lazima iwe fupi. Kabla ya watoa huduma wa Dar es Salaam kuwa na kituo cha kubadilishana data, barua pepe ya kutoka Chang'ombe kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine pale Posta iliweza kupanda setilaiti, kufika ng'ambo, kisha kurudi. Kituo cha TIX, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndicho kilichoifupisha safari hiyo. Hapo programu haikutosha. Washindani walilazimika kukaa chini na kukubaliana.

Seva za majina nazo zina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuamriwa. Machi 2014 serikali ya Uturuki iliifungia Twitter, kwanza kwa kuzifanya seva za majina za kampuni za huko zitoe majibu ya uongo. Wakazi wa Istanbul wakachora ukutani 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google, ili wapita njia waiweke wenyewe kwa mkono. Kabla mwezi haujaisha, Türk Telekom ilikuwa ikizigeuza pakiti za kwenda 8.8.8.8 zifike kwenye seva zake. Kwanza liliguswa jina, halafu njia.

Simu iliyo mkononi mwako hutajiwa seva za majina kila inaposhika mtandao, kimyakimya. Wale wa enzi ya karatasi walihangaika, ila kila mmoja aliweza kukuonyesha kwa kidole seva aliyokuwa akiiuliza. Fungua mipangilio ya simu yako, utafute neno DNS, uone wewe unamuuliza nani.