Faiba Ikizima Ofisini Usipige Nduru: Vile Utaset Laini ya Akiba

Tuseme ni Juni 30. Saiba yako imejaa hadi ngazini, kila mtu anataka kujaza ritani za KRA kabla ya saa sita usiku, halafu faiba inazima. Mteja akichelewa, faini inaanzia 2,000. Wewe nawe unaona chapaa yako ikihamia kwa jirani.

Wasee wengi wakichomeka hivi hukimbia kununua laini ya pili. Ni sawa, lakini laini mbili si akiba kama fayawoli yako haijui ya kwanza imekufa. Hapa tunatumia pfSense, ambayo ina toleo la bure na inaweza kukaa kwa kompyuta kuukuu yenye matundu matatu ya mtandao.

1. Njia ziwe tofauti
Faiba mbili zinaweza kuwa zinaning'inia kwa nguzo moja. Lori ikiigonga, umebaki mtupu. Faiba iwe ya kwanza, 4G au 5G iwe ya akiba. Uliza pia kampuni zako hutoa data nchini kwa nyaya gani za baharini. Mei 12, 2024, EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikakokota Kenya, lakini TEAMS haikuguswa.

2. Namba zisigongane
Ruta nyingi huja na 192.168.1.1. Ruta mbili na mtandao wa ofisi zikitumia namba za aina moja, fayawoli inachanganyikiwa. Badilisha kwanza.

3. Iambie fayawoli ichunguze mbali
Hii ndiyo rada yenyewe. Usipoiambia kitu, pfSense hupingi ruta iliyo karibu tu. Faiba inaweza kuwa imekatika huko nje na ruta bado inajibu "niko", basi fayawoli haihami. Ingia "System", kisha "Routing", uweke "Monitor IP": 8.8.8.8 kwa faiba, 1.1.1.1 kwa 4G. Usirudie namba moja kwa laini zote mbili.

4. Panga foleni
Kwa "Gateway Groups", faiba iwe "Tier 1", 4G iwe "Tier 2". Kwa "Trigger Level" chagua "Packet Loss", ndio ihame hata laini ikichechemea. Rudi kwa "Default gateway" uchague hilo kundi. Mwisho, kwa "General Setup", kila laini ipate DNS yake.

5. Kata mwenyewe
Usichomoe waya ulio kati ya ruta na fayawoli, hiyo ni kujidanganya. Chomoa ule wa faiba unaotoka nje, polepole bila kuukunja, na usichungulie ncha yake. Ngoja dakika moja. Ukurasa ukifunguka, uko fiti. Ukikataa, rudi hatua ya tatu.

Kumbuka bando: kamera na masasisho ya kompyuta yanaweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana, kwa hivyo yazuie ukiwa kwa 4G. Simu ya video itakatika wakati wa kuhama, upige tena. Na stima ikipotea, ruta zote mbili na fayawoli ziwe kwa UPS, la sivyo umefanya kazi ya bure.

Fanya jaribio kila mwezi, siku ambayo ofisi haina presha. Usingoje Juni 30.